Kosa Moja kwa Siku Nchini Tarajini

Serikali ya Tarajini imenipa barua ya shukrani, yenye muhuri mwekundu na sahihi mbili, kwa mchango wangu katika kumwondoa kazini bibi mmoja wa miaka sitini na sita. Barua haisemi hivyo, bila shaka. Inasema nimechangia "kuhitimu kwake". Lakini mimi nimekula mkate wangu kwa kusahihisha maandishi ya watu magazetini kwa miaka ishirini na mitatu, na ninajua neno zuri linapotandikwa juu ya shimo. Nitaeleza mambo yalivyokuwa, na msomaji asitegemee kwamba nitajipendelea.

Nilivyofika Tarajini si habari. Njia ipo, nami niliipita. Habari inaanzia katika Ofisi ya Wageni ya Ngojea, mji mkuu, ambako kibali changu cha kukaa kiliandikwa na Mzee Pandu, karani wa miaka kama sabini hivi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi cha kunitia wivu. Jina langu aliliweka sawa, umri sawa, kazi yangu sawa, kisha kwenye jinsia akaandika "mwanamke". Nina ndevu za kufika kifuani. Nikamwonyesha.

"Hilo, bwana, ungeliacha tu," akasema kwa sauti ya chini. "Askari wa hapa hawasomi mpaka huko."

"Nikae mwezi mzima nikiwa mwanamke kwa sababu ya uzembe wako, mzee? Sahihisha."

Akasahihisha. Halafu akatazama saa ya ukutani, akaniinamia. "Basi niharibu jina la mtaa wako, japo kidogo. Tafadhali, bwana. Leo sijaharibu chochote."

Nilidhani ananidhihaki. Nikachukua kibali changu kikiwa safi kabisa, nikatoka nimevimba kwa fahari, maana nimeingia nchi ya watu na saa hiyo hiyo nimeshawafunza adabu ya kazi.

Nyumba ya wageni niliyopanga ilitazamana na zahanati. Hapo ndipo nilipokutana na mpango ambao Watarajini wanajivunia kuliko mlima wao na bendera yao, unaoitwa Mikono Mikongwe. Aliyenieleza ni Msimamizi Tusekile, msichana wa miaka ishirini na minne, mchangamfu, mwenye kalamu tatu mfukoni na daftari kubwa lisilomtoka mkononi.

Serikali ya nchi ile, alisema, haiwezi kuvumilia kuona mzee maskini amekaa bure. Kwa hiyo kila aliyetimiza miaka sitini na akathibitika kuwa maskini anapewa kazi ya kuihudumia jamii, saa nne kwa siku, na posho yake. Umaskini unathibitishwa kwa maofisa kwenda nyumbani kuhesabu viti. Ukikutwa na viti viwili, wewe ni tajiri. Ndiyo maana siku za ukaguzi utaona viti vinakimbizwa mitaani kutoka kwa jirani hadi jirani, na maofisa wanavipisha njiani kwa heshima bila kuuliza vinakwenda wapi.

Saa nne ni saa nne. Kengele ya saa sita mchana ikilia, mzee anaachia alichoshika. Nimeona kwa macho yangu ukuta wa shule uliopakwa rangi mpaka katikati ya herufi. Nimemwona pia bwana mmoja akitembea sokoni na nywele upande mmoja, kwa kuwa kinyozi wake wa Mikono Mikongwe alifikiwa na kengele. Alikuwa na miadi ya kesho yake saa mbili, na wala hakuonekana kulalamika.

Lakini jambo kuu ni kwamba wazee hawa hawaitwi wafanyakazi. Wanaitwa wanagenzi, yaani watu wanaojifunza kazi. Bi. Sikudhani, ambaye ndiye niliyemharibia maisha, alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na minane kabla ya kustaafishwa. Mpango ulipomchukua, ukampeleka kwenye zahanati ile ile, akapewa mizani ya kupimia watoto na ubao wa tarehe, na kila Jumatatu Tusekile anamkalisha na kumfundisha somo. Nilihudhuria moja. Mada ilikuwa "Mtoto Mchanga: Utangulizi".

"Mtoto mchanga," alisoma Tusekile, "ni yule ambaye bado ni mdogo."

"Nimeelewa, mwanangu," alijibu Bi. Sikudhani, akaandika.

Huyu ndiye aliyempokea Tusekile mwenyewe siku alipozaliwa. Wote wawili walijua, na hakuna aliyeona ajabu.

"Na akishajua kazi?" nilimuuliza Tusekile baada ya somo.

"Anahitimu!" Macho yakamng'aa. Sheria ni nyepesi, akaeleza. Daftari la makosa linawekwa siri na msimamizi, ambaye anapita kila siku saa nne asubuhi kuandika alichokosea mwanagenzi. Akifanya makosa mawili kwa siku moja, anahesabiwa amechoka, anapewa mche wa sabuni na kurudishwa nyumbani. Akikaa siku thelathini mfululizo bila kosa hata moja, anahesabiwa ameiva, anavishwa joho, anapewa cheti, na hawezi kurudi tena kwenye mpango, kwa kuwa mtu aliyeiva hahitaji kufundishwa.

"Mwaka jana tumehitimisha wazee mia nne," akasema.

"Wako wapi sasa?"

"Wamehitimu."

"Naam, lakini wako wapi?"

"Ndugu mgeni," akasema kwa upole, kama anayemwelewesha mwanagenzi, "wamehitimu."

Nilipita Soko la Ajira siku iliyofuata. Bango lilisema hivi: anatakiwa mtu mwenye cheti cha Mikono Mikongwe, umri wake usizidi miaka thelathini na mitano.

Nilikwenda pia kwenye Baraza kuu, maana mwanahabari hata akistaafu haachi kuchungulia. Siku hiyo walikuwa wakijadili kama mwanagenzi anayeijua kazi asahaulishwe kwanza ndipo afundishwe. Mjumbe mmoja alishikilia kwamba ujuzi wa zamani umechacha na lazima umwagwe kabla ya kutia mpya. Mwingine akapinga kuwa kumsahaulisha mtu kunahitaji wataalamu kutoka nje, ni afadhali kumfundisha tu kama vile hajui, na yeye akae kimya. Akasimama mjumbe wa tatu, mwembamba, akauliza kwa nini wasiajiriwe tu kwa kazi wanazozijua. Akaletewa maji ya kunywa, na jirani yake akamuuliza kama usiku alilala vizuri. Suala likapelekwa kwenye kamati ya watu wasiozidi miaka thelathini, ili litazamwe kwa macho mapya.

Sasa nije kwenye ubao. Ulitundikwa nje ya zahanati, upande wa barabara, kuwaonyesha wagonjwa siku na tarehe. Bi. Sikudhani aliuandika kila asubuhi saa mbili kasoro, kisha akaingia ndani kwenye mizani yake. Hakuuona tena, kwa sababu wanagenzi wanatokea mlango wa nyuma, wa mbele ukiwa ni wa waajiriwa. Asubuhi yangu ya kwanza, nikienda kunywa chai saa tatu, nikausoma. Ulisema Jumanne, tarehe kumi na nne. Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na tano.

Mkono ukaniwasha. Mtu aliyesahihisha magazeti miaka ishirini na mitatu hawezi kupita kosa barabarani akalala usingizi. Nikachukua kipande cha chaki pale dirishani, nikafuta, nikaandika inavyostahili. Kesho yake ulisema tena tarehe ya jana. Nikafuta tena. Maskini mama wa watu, nikajisemea, kichwa kimeanza kumchezea, na si vizuri aaibike mbele ya wagonjwa. Ikawa desturi yangu ya kila siku, naiendea chai kwa kupitia ubaoni. Akina mama kwenye foleni wakanizoea, wakawa wananisalimu. Mmoja aliyevaa kanga ya kijani na kuja na watoto wake mapacha karibu kila siku aliniambia nina moyo mzuri, na nilikubaliana naye.

Mji wote ulikuwa na makosa ya namna hiyo. Benchi la posta lina mguu mmoja mfupi. Uji wa shule hauna chumvi Jumatatu wala siku nyingine yoyote. Kibao cha kuelekeza makaburini kinaelekeza sokoni. Watu wa Ngojea wanasema ndivyo wazee walivyo, wanasahau, na wanacheka kwa mapenzi. Mimi niliandika kwenye daftari langu: "Taifa zembe." Sasa naona haya nikilisoma neno hilo.

Mchana wa siku yangu ya ishirini na tisa, Bi. Sikudhani alinikaribisha kwake chai. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na kiti kimoja, nami nikapewa hicho. Mumewe, Mzee Shomari, alikuwa amelala kitandani tangu alipopooza miaka mitatu iliyopita, na Bi. Sikudhani alimlisha kijiko kwa kijiko huku akiongea nami. Aliniambia bila kujitia huruma kwamba posho ile ndiyo inayomweka yule mzee hai. Hawakuwa na mtoto, na kitu kingine chochote hawakuwa nacho.

"Mwaka wa sita huu nimo," akasema. "Wenzangu wengi wamehitimu. Mimi Mungu kanisaidia."

Nikataka kumfurahisha. "Hata mimi nakusaidia, mama. Ile tarehe ya ubaoni huwa unaikosea kila siku, basi mimi nikipita naisahihisha. Hujawahi kuaibika."

Kijiko kikasimama njiani. Mzee Shomari alibaki ameacha mdomo wazi.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu siku niliyofika."

Akaweka bakuli chini. Akahesabu kwa vidole, taratibu, halafu akahesabu upya. "Kesho thelathini," akasema.

Ndipo akanieleza, na nilijisikia mjinga ambaye hajapata kutokea. Kila mzee Tarajini ana kosa lake moja la siku. Analichagua kwa makini, akiangalia lisimuumize mtu, na analitunza. Wa posta amechagua mguu wa benchi. Mpishi wa shule ana chumvi, na wazazi wamekwisha kujua kuwatilia watoto chumvi mfukoni. Pandu anaharibu neno moja kwenye kila karatasi yake ya kwanza ya asubuhi. Yeye Sikudhani alichagua tarehe, kwa sababu hakuna mgonjwa asiyejua leo ni siku gani, na kwa sababu kosa lingine lolote lililokuwa karibu naye lilikuwa kwenye mizani.

"Mizani siwezi," akasema. "Dawa ya mtoto inafuata uzito wake."

"Basi jana na juzi ungeongeza kosa jingine la akiba!"

"Yakiwa mawili ni sabuni, baba. Nilijua la ubao lipo."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwomba msamaha mara nyingi mpaka yeye ndiye akawa ananituliza. Tukapatana hivi: kesho anaandika tarehe ya jana kama kawaida, na mimi sitoki chumbani. Likiandikwa kosa hilo moja, hesabu inaanza upya. Akanisindikiza mlangoni. "Shughuli ndogo tu," akasema.

Siku ya thelathini nilikaa barazani kwa nyumba ya wageni, ng'ambo ya barabara, mikono nimeikalia. Nilimwona Bi. Sikudhani akiandika ubao. Aliandika kwa herufi kubwa kuliko siku zote: Jumatano, tarehe kumi na mbili. Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na tatu. Akanitazama, akaingia ndani. Saa tatu ikapita. Chai sikwenda. Saa nne kasoro robo, Mkaguzi Mwinjaka wa Idara akaonekana barabarani akija kushuhudia siku ya thelathini, mtu mnene mwenye tabasamu la harusini, na Tusekile pembeni yake na daftari.

Kwenye foleni, yule mama wa kanga ya kijani aliangalia ubao. Akaangalia upande wangu. Akasubiri kidogo. Kisha akampa jirani yake mtoto mmoja, akainuka, akashika chaki, akafuta na kuandika Alhamisi, tarehe kumi na tatu, kwa mwandiko safi. "Leo umechelewa, baba!" akanipigia kelele akicheka. "Nimekufanyia!"

Nilikimbia. Nilipofika, Mkaguzi alikuwa amesimama mbele ya ubao, anausoma na kutikisa kichwa kwa kuridhika, na Tusekile anaandika. Nikapenya ndani hadi kwenye mizani. Bi. Sikudhani akaniona uso, hakuhitaji kuambiwa mengi.

"Ubao?"

"Wameusahihisha. Si mimi, mama. Wamejifunza kwangu."

Wakati huo huo akaletewa mtoto anayechemka kwa homa, macho yamelegea, mama yake analia. Bi. Sikudhani akamlaza kwenye mizani. Mkaguzi na Tusekile wakaingia, wakasimama nyuma yake. Nafasi iliyobaki ya kukosea ilikuwa hiyo tu, namba moja itamkwe vibaya, na Mzee Shomari atakula kesho. Nilimwona akiitazama ile mizani. Nilimwona anamtazama mtoto. Nakiri kwamba moyoni nilimwomba akosee, nikajiambia kwamba kilo moja si kitu.

"Kilo sita na nusu," akasema.

Tusekile, aliyekuwa anamtazama Mkaguzi, akaandika tisa na nusu, akafungua chupa ya dawa akajaza kijiko.

"Nusu, mwanangu," Bi. Sikudhani akamshika mkono. "Sita na nusu. Mtilie nusu kijiko."

Mtoto akanywa nusu kijiko. Mkaguzi Mwinjaka akapiga makofi. "Amemsahihisha hata msimamizi! Funga daftari. Huyu ameiva."

Nikaingilia kati. Nilimweleza yote mbele ya wagonjwa: kwamba siku ishirini na tisa makosa yalikuwepo, niliyafuta mimi kwa mkono wangu, na kwa haki daftari lile ni la uongo. Mkaguzi alinisikiliza vizuri. Hakukasirika hata kidogo.

"Ndugu mgeni, fomu inauliza kama ubao ulikuwa sahihi," akasema. "Haiulizi nani aliusahihisha."

"Na kosa la msimamizi je? Angemzidishia mtoto dawa!"

"Makosa ya wasimamizi hayana daftari," akasema, akishangaa kwamba sikujua.

Mahafali yalifanyika Jumamosi. Wazee saba walivishwa majoho ya buluu. Bendi ya shule ilipiga wimbo wa taifa ikauacha nusu, kwa kuwa mpiga tarumbeta ni wa Mikono Mikongwe na kengele ilikuwa imelia. Mkaguzi aliwaambia wahitimu kwamba milango yote sasa iko wazi mbele yao. Watu walishangilia. Bi. Sikudhani alipokea cheti chake kwa mikono miwili, akapiga goti kwa adabu, na hakumtazama mtu.

Nilimkuta kesho yake, anarudi kutoka Soko la Ajira, cheti kimekunjwa ndani ya kanga. Nilimpa nilichokuwa nacho mfukoni. Alikipokea kwa ajili ya mumewe, akanishukuru, na tulijua sote wawili kwamba hakitafika mbali. Mizani alikuwa amepewa mwanagenzi mpya, fundi seremala wa zamani, mtu mwema. Kosa lake la siku alikuwa bado hajalichagua.

"Nimemwambia asiguse mizani, achukue ubao," alisema Bi. Sikudhani. "Sijui kama atanisikia."

"Mama, nitaishi vipi na jambo hili?"

Aliniangalia. Sikuona hasira usoni pake, na ingekuwepo ningepumua. "Nenda kwenu salama, mwanangu. Ila huko uendako ukiona kosa, kabla hujalifuta, uliza kwanza linamlisha nani."

Barua ya shukrani ililetwa asubuhi ya kuondoka kwangu. Inanitaja kama rafiki wa wazee wa Tarajini. Mwandiko niliutambua mara moja, ule mzuri wa kunitia wivu. Nimeisoma kuanzia muhuri hadi sahihi, neno kwa neno, kama nilivyozoea, na imenyooka yote isipokuwa pale juu kulia, ambapo Mzee Pandu ameweka tarehe ya jana.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaifunika, nikaikunja barua ilivyo.